Barua kwa mdogo wangu: mtoto usimharakishe, na mama msimkalishe

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu najua siyo wewe peke yako unayekosa usingizi kwa jambo hili, wamama wengi wako hivyo hivyo na hawana wa kumwambia. Ulivyonipigia unalia nilisikia kila kitu: mtoto ana miezi 14 hajatembea, wa jirani waliozaliwa mwezi mmoja anakimbia mpaka barabarani, afu kuna mtu kashaanza kunong'ona eti mtoto kabemendwa.

Naanza na hilo la kubemenda maana ndo limekuumiza kuliko yote. Hakuna mtoto anayechelewa kutembea kwa sababu baba yake au mama yake alitoka nje, wala kwa sababu mlirudiana mapema baada ya uzazi. Mtoto anadhoofu kwa lishe duni, kwa kuharisha kila mara, kwa malaria, kwa kuzaliwa njiti, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na yote hayo yana watu wake wa kuyashughulikia pale kliniki. Yale maneno kazi yake ni moja tu, kumtia mama aibu mpaka aogope kumpeleka mtoto kupimwa. Mtu akikuambia tena, mwambie dada kasema hapana.

Sasa mtoto mwenyewe. Anakaa bila kuegemea, anatambaa nyumba nzima, anajivuta juu kwa kushika kochi na anatembea upande upande akiwa kashikilia meza. Huyo yuko njiani kabisa. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya njema Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, matokeo yakatoka 2006, na karibu wote walianza kutembea wenyewe popote pale kati ya miezi 8 na 18. Umeona ukubwa wa nafasi hiyo? Miezi kumi! Na wachache, kama 4 kwa kila 100, kutambaa kwa mikono na magoti hawakupitia kabisa, na wakatembea vilevile.

Mazoezi yanasaidia, sikatai. Miaka ya 70 mtafiti Charles Super alikaa na Wakipsigis kule Kenya, akakuta wamama wanawafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi kabisa, na watoto wale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, ila kwenye kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwa mbele. Lakini mazoezi yenyewe ni mama kumshika mtoto mikono na kucheza naye, siyo lile woka mlilonunua, kile kigari cha magurudumu anachosimamishwa mtoto ndani. Woka litoe leo. Mtoto akiwa humo anasukuma kwa ncha za vidole, hajifunzi kujibalansi, na kwa mwendo ule anafika kwenye jiko la mkaa kabla hujageuka. Kanada walipiga marufuku kuyauza tangu 2004. Mweke mkekani, peku, mwachie kochi lake.

Cha kukupeleka hospitali bila kusubiri ni hiki: akianza kupoteza alichokuwa anakiweza, akiwa anatumia upande mmoja tu wa mwili, akiwa mlegevu au mkakamavu kupita kiasi, au akifika miezi 18 bado hatembei.

Na hapo hapo nyumbani kwako kuna mama, na hili nalisema kwa upendo wote. Yule mwanamke alikuwa anafagia uwanja mzima kabla jua halijatoka, leo mmemweka kwenye kiti cha plastiki barazani, maji analetewa, sahani inaondolewa, akitaka kuinuka mnamwambia "mama tulia". Nilivyokuja nilimwona anainuka, kabana magoti kwa mikono yote miwili, kajisukuma mara ya kwanza kashindwa, ya pili ndo akasimama. Ile siyo uzee peke yake, ni miguu isiyotumika. Misuli inaanza kupungua polepole tangu mtu yuko kwenye miaka ya 30, baada ya 60 inakimbia, na ukikaa tu inakimbia zaidi.

Ila inarudi. Mwaka 1990 madaktari wa Boston walichapisha kazi waliyoifanya na wazee dhaifu wenye umri wa kama miaka 90 kwenye nyumba ya wazee, wakawanyanyulisha uzito kwa miguu kwa wiki 8 chini ya uangalizi, na nguvu za miguu zikapanda zaidi ya mara mbili. Miaka 90! Mama hajafika hata 75 jamani.

Kwa hiyo mpe kazi. Achague mchele, atwange vitunguu saumu, ainuke na kukaa kwenye kiti mara kadhaa asubuhi na jioni mtu akiwa karibu, atembee mpaka dukani na mjukuu wake mgongoni mwako, siyo mgongoni mwake.

Na tarehe ya kliniki ya mtoto ikifika nendeni wote watatu, mama apimwe presha na macho, maana nilimwona anapapasa ukuta akienda chooni wakati taa inawaka. Kama ni mtoto wa jicho unaondolewa kwa upasuaji. Nauli nitatuma mimi, shemeji asihangaike.