Bastola ya mwalimu itakaa wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba Wamarekani wanajitakia wenyewe, maana kila mwalimu angepewa bastola, wauaji wasingethubutu kusogelea shule. Simlaumu. Ukiwa mbali unaona ndiyo dawa. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mwaka wa kumi na moja huu naishi Columbus, jimbo la Ohio, na nafanya kazi jikoni katika shule ya msingi. Ualimu sina, lakini sheria ya hapa haiishii kwa walimu. Bodi ya shule ikitaka, inaweza kumruhusu mfanyakazi yeyote kubeba silaha: dereva wa basi, mfagizi, hata sisi wapishi.

Amesema pia kwamba walimu hao hupewa mafunzo kama ya polisi. Hapo amekosea, ingawa palikuwa na wakati ambapo angekuwa sahihi. Mwaka 2016 mvulana wa miaka 14 alifyatua risasi bwaloni katika shule ya Madison, kusini-magharibi mwa jimbo hili, akajeruhi wenzake. Miaka miwili baadaye bodi ya shule ikaamua baadhi ya wafanyakazi wabebe silaha. Wazazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Ohio ikakubaliana nao: asiye na uzoefu wa miaka 20 wa kipolisi lazima kwanza amalize mafunzo ya polisi, zaidi ya saa 700. Wanasiasa wakabadilisha sheria. Juni 2022, siku ishirini tu baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, kule Texas, gavana Mike DeWine akatia saini: mafunzo ya lazima yasizidi saa 24, na marudio yasizidi saa 8 kwa mwaka. Bodi ikipenda kuongeza, ni hiari yake.

Kijana wangu ana miaka 16. Ili apate leseni ya gari amekaa darasani saa 24, akaendesha na mwalimu saa 8, kisha saa 50 nyingine na mimi pembeni nimeng'ang'ania mlango. Na hiyo ni Corolla ya kwendea dukani.

Huko Uvalde kwenyewe walifika askari 376 wenye silaha na mafunzo yao. Ilichukua dakika 77 kumfikia muuaji. Watoto 19 na walimu wawili walikufa. Sasa mwalimu wa darasa la tatu ndiye atakayefanya waliloshindwa wale?

Ninalotaka hasa kumwuliza msomaji ni hili: hiyo bastola itakaa wapi? Tulipokuwa Pangani mwalimu wetu wa darasa la nne alificha fimbo juu ya kabati, nyuma ya ramani ya Afrika. Alidhani ni siri. Darasa zima lilijua, na siku moja wavulana waliishusha wakaivunja vipande vitatu, wakaitupa mtoni. Hapa sheria inataka wazazi waarifiwe kwamba shule ina watu wenye silaha, bila kuambiwa ni nani. Mzazi hatajua. Mtoto atajua ndani ya wiki moja. Watoto wa chekechea hunikumbatia kiunoni kila asubuhi, mikono yao ikipapasa mifuko ya aproni kutafuta biskuti. Ukiifungia kwenye kabati la chuma mwisho wa korido, siku ya siku itakufaa nini?

Kisha kuna jambo ambalo weupe wa hapa hawalifikirii. Philando Castile alikuwa mtu mweusi, msimamizi wa jikoni ya shule ya msingi mjini Saint Paul, Minnesota. Wenzake walisimulia kwamba alijua kwa moyo ni mtoto yupi hatakiwi kunywa maziwa. Julai 2016 polisi walisimamisha gari lake. Alikuwa na kibali cha bastola, na akamwambia askari kwa upole kwamba anayo. Alipigwa risasi palepale, mchumba wake na mtoto wa miaka minne wakiwa ndani ya gari. Mwaka uliofuata askari yule akaachiwa huru. Basi nifikirie mimi, na kilemba changu, nimesimama koridoni na bastola mkononi wakati polisi wanavunja mlango.

Msimamizi wangu, mama wa Kimarekani mwenye bunduki tatu nyumbani na moyo mwema sana, aliniuliza juzi kama nitajiandikisha iwapo bodi yetu itapitisha. Nikamwuliza niiweke wapi, kwenye aproni pamoja na orodha ya watoto wasiokula karanga? Akacheka. Akafikiri kidogo, akasema yeye angeiacha garini.

Garini, Mhariri. Kwenye maegesho ya shule.

Mama Salma,
Columbus, Ohio