Kwa nini shingadi zinabaki kwenye begi

Tulipofungua duka hapa Moshi, tukiuza shingadi, yaani vikinga vya ugoko vya wachezaji wa soka, tulibandika mlangoni picha ya mguu uliovunjika. Watoto walikuja kuishangaa, wakacheka, wakaenda zao Pasua kucheza chandimu. Shingadi hazikutoka. Mtoto wa miaka 13 ukimtisha kwamba ataumia, anajua unamsema mwenzake.

Wala si watoto tu. Miaka ya 1950 huko Marekani, watu walisogezewa kipimo cha bure cha kifua kikuu na bado wengi hawakwenda. Waliochunguza sababu waliona kwamba mtu hujiuliza kama hatari inamhusu, kama kinga inasaidia kweli, na kama usumbufu wake unavumilika. Walimu wa afya wanalitumia hilo hadi leo. Sisi tulikuwa tumeng'ang'ania la kwanza, tena vibaya.

Tukaacha kuhubiri, tukawauliza watoto kwa nini hawazivai. "Zinashuka." "Zinawasha." "Wataniona mlaini." Mmoja akashusha soksi, ndani kuna kipande cha boksi la biskuti alichokikata mwenyewe. Kumbe kinga anaitaka! Zile alizoachiwa na kaka yake zilikuwa zinampwaya.

Siku hizi tukialikwa na timu, anayevaa kwanza ni nahodha. Kisha kila mtoto anagusa mguu wake, nyuma halafu mbele. Nyuma kuna nyama. Mbele, kwenye ugoko, ni ngozi na mfupa basi. Hapo kelele hupungua. Wanavaa wenyewe, na anayekosea anarekebishwa na mwenzake. Shingadi isigonge goti akikunja mguu, wala isibane kifundo. Soksi inapanda juu yake. Wanakimbia mizunguko miwili. Ikishuka, tunabadilisha saizi palepale.

Kwa makocha: Sheria ya 4 ya soka inataka shingadi zivaliwe na zifunikwe na soksi, lakini wengi wenu mnazidai siku ya mechi tu. Zidaini na mazoezini, ila msimfukuze mtoto asiye na hela, maana atarudi chandimu na boksi lake. Tuna begi la jozi 12 tunaloazimisha timu. Linarudi linanuka, hilo tumeshalizoea. Tunaosha kwa sabuni na kuanika.

Nawe mzazi, usinunue kubwa ili "akulie humo humo". Hiyo ni hesabu ya sare ya shule. Shingadi inayozunguka mguuni inaacha ugoko wazi. Na tusikudanganye: inapunguza michubuko na maumivu ya teke, goti na kifundo haivilindi. Mtoto akigongwa akashindwa kukanyaga, mpeleke hospitali kabla hajachuliwa na mtu yeyote.

Ukija dukani njoo naye, na abebe soksi na daluga zake. Saizi hatukisii kwa umri.