Usimsomee mama barua hii

Tsukuba, 2 Agosti

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Hujambo? Watoto hawajambo? Mzee Kombo kifua kimetulia? Mie sijambo, alhamdulillahi, joto tu. Najua tangu Idi sijakuandikia lolote la maana, na ninavyokujua umeshanuna. Nuna, lakini soma mpaka mwisho, na usome peke yako. Nimeacha kukutumia sauti kwa makusudi, kwa sababu wewe sauti zangu huzifungulia mtaa mzima, na mama kila alasiri yuko hapo barazani kwako.

Neno lenyewe ni hili: goti la mama. Ulikuwa unajua?

Usijibu kwanza. Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, maana picha mlizoziona huko na maneno ya mama mwenyewe (nasikia Barabara ya 12 yote inajua kwamba Japani choo kinakuosha chenyewe) hayasemi hata nusu.

Alifika tarehe 5 Julai. Ndege ya kupitia Addis, ikatua Seoul, ndipo ikaja Narita. Nimesimama pale na kanga begani ili anione kwa mbali, watu wanatoka, wanatoka, mama hayumo. Mara namwona kijana wa Kijapani anasukuma kiti cha magurudumu, na juu yake mama, mkoba mapajani, anachekelea kama bibi harusi anayeingizwa ukumbini. "Mama, kulikoni?" Akasema, "Hamisi kaniandikishia. Kiti cha bure, mwanangu, nikatae?" Nikacheka mpaka machozi, nikampiga picha, nikaiweka kwenye kundi la ukoo. Na nyie wote mkacheka. Ndiyo hiyo picha.

Basi, nilikuwa nimeomba likizo ya siku tisa. Sikutaka kumfungia huku Tsukuba kwenye chumba changu, nikakodi kijumba Tokyo, upande wa Nezu, mitaa ya zamani ile iliyobaki: vichochoro vyembamba, vyungu vya maua kila mlango, bibi wa miaka themanini juu ya baiskeli na kikapu cha sokoni mbele. Mama alivyoziona zile baiskeli akasema, "Kumbe Tanga hii." Sakafu ya kile kijumba ni mikeka ya tatami, na unalala chini, kwenye godoro jembamba linalokunjwa asubuhi na kutiwa kabatini. Nikajipongeza. Mama atajiona yuko kwao, mkeka ni mkeka tu! Tena nilikuwa na daftari, unanijua mimi na madaftari yangu. Sehemu 23, kila moja na saa ya treni pembeni.

Tulifika sehemu sita. Au tano, inategemea kama kuuona mnara kwa mbali ni kufika. Ule mnara wa Skytree, mita 634, nilikuwa nimepanga tupande mpaka juu. Tukiwa Asakusa mama akauinulia macho, akauangalia vizuri kuanzia chini mpaka ncha, akasema, "Nimeuona. Wa kupandia nini tena?" Nikaona ana hoja.

Kwa jinsi joto lilivyokuwa, sikushangaa. Nyie huko mlikuwa kwenye kipupwe chenu, mnajifunika mashuka. Tokyo mwezi wa saba mvua zao ndizo zinaishia, na joto linakuja limelowa chepechepe. "Joto la Tanga lina bahari," mama akasema, "hili wamelifungia ndani." Kwa hiyo aliposema leo tupumzike, nikaona sawa. Kesho yake tena tupumzike. Nikaanza kumsifia hata kwa watu wa ofisini: mama yangu ndiye anayejua likizo ni nini, siyo sisi tunaokimbizana na treni.

Tukawa na benchi letu. Lipo kwenye bwawa la Shinobazu, pale Ueno, kutoka tulipokaa ni dakika kumi kwa miguu yangu. Bwawa lenyewe mwezi huo maji huyaoni, ni majani ya yungiyungi matupu, makubwa kama sinia la pilau, yamesimama juu ya maji kwa mashina yake. Maua yake ya waridi yanafunguka asubuhi na mapema, jua likikolea yanajifunga, kwa hiyo lazima uwahi. Mvua ikinyesha ndipo utamu unapoanza. Tone likianguka kwenye jani haliloweshi, linakuwa goroli, linazungukazunguka pale katikati. Linakuja lingine, yanaungana, jani linalemewa, linainama polepole, halafu pwa! linamwagia jani la chini yake, nalo linaanza kuinama. Mama anaweza kuangalia hivyo saa nzima. "Subiri, lile kubwa pale, sasa hivi litamwaga." Nami nasubiri, daftari limo mkobani.

Alipata na marafiki, usidhani. Wajapani wakiongea na simu wanasema "hai, hai, hai" bila kupumua. Siku ya pili mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona wanahakikishiana kwamba wako hai, kuna msiba?" Nikamwambia hai kwao ni ndiyo. Basi kwisha. Muuza duka hai, kondakta hai, babu mmoja wa pale bwawani mwenye feni ya karatasi anamweleza mambo yake marefu, mama anaitikia hai, hai, wanaagana kwa kuinamiana. Na samaki je? Kwenye mgahawa wa mchana alitaka kujua kwenye sahani kuna samaki gani. Nikamwambia saba. "Nimeuliza samaki gani, sijauliza wangapi." Kumbe ni vibua tu, shoga yangu, kwa Kijapani kibua ni saba! Akavimiminia achari yake aliyotoka nayo nyumbani, mwenye mgahawa akasogea kunusa, nikaona aibu, lakini yule bwana akaonja akaomba nyingine. Bamia wao zinauzwa kumi kumi ndani ya wavu kama vito vya dhahabu. Na ule mji wa kusini aliouona kwenye ramani na kunitaka nimsomee jina lake kwa sauti, huo nitakusimulia kwa mdomo.

Ila nilikuwa nakuambia habari ya goti.

Asubuhi saa 12 na nusu, pale Ueno, wazee wanakusanyika wanafanya mazoezi ya redio. NHK, shirika lao la utangazaji, wanayarusha tangu 1928, piano inapigwa, sauti inahesabu, na watu wote wanajua kila kipande tangu utoto. Tulipita siku ya tatu, mama akaingia mstari wa nyuma na dera lake na mtandio. Mikono juu, mikono pembeni, anawafuatisha vizuri kabisa. Ikafika sehemu ya kukunja miguu. Mama akaanza kurekebisha mtandio. Wenzake wanapanda na kushuka, yeye bado mtandio. Kesho yake, pale pale, mtandio. Nikadhani haya.

Unaona? Sikuona. Kwenye ngazi za kituo cha treni alikuwa anasimama katikati kusoma matangazo ukutani. Matangazo ya Kijapani, Rukia! Mama yangu, ambaye Kijapani chake ni "hai", amesimama anasoma bango la bima kwa makini, mkono ukutani, nami nasema loo, mama anapenda kujifunza. Kule Yanaka kuna ngazi zinazoitwa Yuyake Dandan, watu hujaa juu yake jioni kuangalia jua likizama, chini yake kuna mtaa wa vijiduka. Nikamwambia tushuke tukanunue kashata zao. "Nenda wewe, mie jua naliona vizuri kutoka huku." Nikashuka mwenyewe. Na mwavuli! Wanawake wa huku wakati wa joto hawatoki bila mwavuli wa jua, kwa hiyo mama kushika mwavuli wangu wa bluu asubuhi mpaka jioni nikaona kaingia kwenye fasheni. Haukufunguka hata mara moja.

Tarehe 8 nilimpeleka Iriya, wana soko la asagao, maua yanayotambaa kwenye vijiti ndani ya vyungu, bluu, zambarau, meupe, barabara nzima, na watu wanayabeba nyumbani kama tunavyobeba keki. Mama akainamia chungu kimoja akasema kwa huruma, "Jamani, haya si maua ya matembele?" Nikaangalia kwenye simu: ni ukoo mmoja kabisa na viazi vitamu. Akawasikitikia wanaolipa pesa zote zile na majani hawali. Tarehe 10 tukaenda Asakusa kwa basi dogo la mtaa, yen 100, mama analipenda basi lile kuliko treni (bila shaka, halina ngazi). Siku hiyo na ya kabla yake ndiyo soko la mimea yenye vitaa vyekundu kama taa za karatasi, na wenyewe wanasema kwenda kwenye hekalu la pale Asakusa siku hiyo ni sawa na kwenda siku 46,000. Mama akapiga hesabu zake, akasema Lailatul Qadri ni bora kuliko miezi elfu, je, hiyo ni miaka mingapi? Nikasema 83. "Na hii yao?" Miaka 126. Akanyamaza kidogo. "Wamezidisha," akasema, akarudi kwenye barafu yake. Maana barafu alikula kila siku, ile inayokwanguliwa mpaka ikawa kama pamba na kumwagiwa sharubati. Siku ya kwanza alinisema, ati kavuka bahari kuja kula barafu.

Ijumaa nikamchukua msikitini. Kutoka Nezu unapanda treni ya Chiyoda, unakaa mpaka mwisho wa njia, Yoyogi-Uehara, hubadilishi. Msikiti mzuri, wa Kituruki, mnara mmoja mwembamba. Wa kwanza waliujenga Watatari waliokimbia Urusi, mwaka 1938, huu wa sasa ulifunguliwa 2000. Tukapanda ngazi. Mama akasoma matangazo. Tukaingia upande wa wanawake, nikatandika, nikageuka nimpe nafasi pembeni yangu, hayupo. Amekwenda nyuma. Amevuta kiti. Akakaa, akaweka mwavuli chini, akafunga swala.

Mama yangu, Rukia. Aliyetuswalisha tarawehe uani, mimi na wewe tukisinzia, anatufinya. Kwenye kiti.

Sijui niliswali nini siku ile. Tulipotoka nikamuuliza, akasema, "Ah, goti tu." Nikamuuliza tangu lini. Akatazama barabara. Aliteleza uani siku ya kuandama mwezi, mfungo haujaanza hata siku moja, akaangukia goti. Akamwambia Bi Tatu peke yake, Bi Tatu akamkanda na mafuta, ikawa basi. Mimi asiniambie, nisije nikaahirisha tiketi. Na lile godoro la chini! Alfajiri huku mwezi wa saba inaingia kabla ya saa 9 usiku, jua saa 10 na nusu limeshatoka, nami nilikuwa nikiamka namkuta tayari kakaa kibarazani, kaswali, kanywa maji. Nikadhani ni ucha Mungu. Kumbe anaamka kabla yangu ili nisimwone anavyojiinua kwa kushika kabati.

Nilikasirika, sikufichi. Nikamwambia maneno. Yeye akasema, "Kwani hatukustarehe?" Nikashindwa kujibu. Maana tulistarehe, wallahi, siku tisa ambazo sijawahi kuzipata tangu nije nchi hii, na zote kwa sababu ya... Basi. Siku moja kabla hajaondoka tulipita kwenye makaburi ya Yanaka, watu wa Tokyo wanawazuru wafu wao katikati ya Julai, wengine wa nchi hii Agosti. Wanaosha jiwe kwa kata na ndoo, wanafuta kwa kitambaa. Mama akauliza, mimi nitakuja lini kwa baba. Tuliache hilo.

Sasa ninachokuomba. Mpeleke apigwe picha hilo goti. Nimekutumia laki tatu kwenye simu, isipotosha sema, na Hamisi asijue, ataanza mambo yake ya kuitisha kikao. Mama hatakubali ukimwambia hospitali. Mwambie ni wewe unayeumwa, unaogopa kwenda peke yako; kwa mtu mwingine atakwenda hata kwa miguu, kwake mwenyewe ndiyo hapana. Mkishafika utajua la kusema, uongo hujaanza leo.

Na unijibu: ulikuwa unajua? Mwezi wa nne uliniuliza "mama utamtembeza sana?" nami nikakujibu kwa vicheko. Ulikuwa unanipima? Anapanda vipi ngazi za kwako, au mnakaa chini tu? Bado anakwenda Raskazone jioni? Sokoni anakwenda nani? Chooni je, pale uani wameweka hata kitu cha kushikia? Bi Tatu anamkanda na mafuta gani hayo? Na anaswali vipi kwenu, ulishamwona?

Nisalimie wote. Akija barazani na ule mwavuli wa bluu siku isiyo na jua wala mvua, usimuulize. Msogezee kiti, kile chenye mikono.

Wako,
Zainabu

Nimesahau: mwambie Salma hela yangu ya madera naikumbuka vizuri, umbali haujanisahaulisha.