Shoga, huku chama cha kufa na kuzikana kina bendi

Shoga yangu Zuhura,

Mambo vipi, mama hajambo? Mie mzima, niko New Orleans huku Louisiana kwa mambo ya kazi, na nimeona nikusimulie muziki wa huku maana wewe ndo wa kunielewa, matarumbeta ya harusi yakipita na kirikuu hapo Temeke we ndo wa kwanza kutoka nje.

Wageni wengi wanakimbilia Bourbon Street, mie sikupapenda, makelele na pombe tu. Mtaa wa Frenchmen afadhali, baa zimepangana na kila mlango una bendi yake. Preservation Hall nako nimeingia, kajumba kakuukuu wanapiga jazi tangu 1961, mnabanana kwenye mabenchi, wengine chini sakafuni, na mpiga tarumbeta yuko hatua mbili tu kutoka usoni kwako. Lakini muziki wenyewe wa mji huu uko barabarani Jumapili mchana, kwenye second line, yaani msafara wa bendi na watu wanaoifuata wakicheza.

Iko hivi, watu weusi wa huku tangu karne ya 19 walikuwa na vyama vyao vya kufa na kuzikana, mtu akiugua anachangiwa, akifa wenzie wanamzika. Hivyo vyama bado vipo mpaka leo na kila kimoja kina Jumapili yake kwa mwaka, wanakodi bendi, wanashona sare kuanzia kofia mpaka viatu, mafeni ya manyoya mkononi, halafu wanaingia mtaani masaa manne hivi. Mbele chama na bendi, nyuma ni yeyote anayetaka kufuata, hakuna kiingilio, mabibi wamo, watoto wamo, pembeni pikapu zinauza nyama na vinywaji, we unacheza huku unatembea. Na mwenzao akifa bendi hiyohiyo inamsindikiza, kwanza taratibu na nyimbo za kanisani, wakishaagana na maiti ndo ngoma inachangamka na watu wanacheza kwelikweli huku machozi hayajakauka. Mie nimelipenda sana hilo, mtu hazikwi kimyakimya.

Sasa mpiga ngoma kubwa! Juu ya ngoma kafunga toazi moja, mkono wa kulia kirungu cha ngoma, wa kushoto bisibisi, ndio bisibisi ya fundi, anagonga nayo toazi ting ting katikati ya mapigo, nilimfuata yeye tu mtaa mzima.

Tukafika Claiborne Avenue. Hapo zamani palikuwa na miti mikubwa ya mialoni na maduka ya watu weusi wa mtaa wa Treme, miaka ya 60 wakaikata yote wakapitisha barabara kuu juu kwa juu. Inauma mpaka leo ukisikia wazee wanavyopaongelea. Ila bendi ikiingia chini ya lile daraja haipiti hivihivi, inasimama, wanapuliza kwa nguvu zote kwa sababu zege linarudisha sauti, unaisikia mpaka kifuani, watu wanapagawa.

Na siyo mbali na hapo kuna Congo Square, ndani ya bustani yenye jina la Louis Armstrong, yule mpiga tarumbeta wa jazi aliyezaliwa mji huuhuu 1901. Ndipo watumwa walipokuwa wanakusanyika Jumapili kupiga ngoma zao za Afrika, na 1817 sheria ya mji ikasema wacheze hapo tu na kabla jua halijazama. Nilisimama hapo muda mrefu shoga, ilikuwa Jumapili pia.

Kimbunga Katrina cha 2005 kilizamisha karibu asilimia 80 ya mji baada ya kuta za kuzuia maji kubomoka, wapiga muziki wengi wakatawanyika na wengine hawakurudi tena. Waliorudi ndo hao wanaopuliza Jumapili.

Chakula nitakuandikia siku nyingine, ila jua Jumatatu wanakula wali maharage!

Klipu nakutumia WhatsApp leo usiku, tafuta bando la kutosha. Ile ya bisibisi mpelekee jirani yako wa matarumbeta, uniambie kasemaje.

Wako,
Mwana