Kanda za harusi ndizo televisheni yetu, zisiachwe zioze

Mhariri,

Makala ya historia ya televisheni nchini uliyoichapa majuzi niliisoma mara mbili, nikiitafuta Mombasa. Inaanzia Nairobi mwaka 1962, inapita 1964 shirika la utangazaji lilipotiwa mikononi mwa serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, kisha inaruka hadi 1990 kilipoanza kituo cha KTN. Mwambao haumo kabisa. Naomba nafasi nilijaze pengo hilo, kwani kazi ya kutengeneza televisheni ndiyo iliyonilelea watoto hapa Malindi, na lipo jambo la haraka ninalotaka kuwaambia wenzangu wa Pwani.

Mombasa ilipata kituo chake cha televisheni mwaka 1970. Kazi yake hasa ilikuwa kurusha vipindi vilivyotengenezwa huku huku nyumbani. Miaka sita baadaye, 1976, ndipo ilipofungwa mitambo ya kuiwezesha Mombasa kupokea vipindi moja kwa moja kutoka Nairobi na kuvirusha kwetu. Kwa upande wa habari ilikuwa neema, sikatai. Lakini kituo kilichozaliwa na sauti yake kikawa bomba la kupitishia sauti za wengine. Hiyo miaka sita, Mhariri, ilistahili nusu ya makala yako.

Mimi nilikuwa na miaka 12 kituo kilipofunguliwa. Malindi iko kiasi cha kilomita 120 kutoka Mombasa, na televisheni mtaani kwetu Shella zilihesabika kwa vidole. Antena tulizifunga juu ya boriti za mikoko, mbili zimeungwa, tukazielekeza kusini. Chumvi ya bahari ilizila hata zikatoboka. Picha ilikuwa chenga tupu, isipokuwa nyakati za kaskazi: jioni ya joto hewa ikitulia juu ya bahari, mawimbi huinama yakafuata uso wa maji na kufika mbali kuliko kawaida, na hapo sura ya msoma habari ilitujia safi kama yuko barazani. Sababu yake niliijua baadaye, nilipojifunza ufundi. Utotoni tulimshukuru aliyeshika boriti.

Mwaka huo huo wa 1970, tarehe 12 Desemba, pale Ngomeni kaskazini yetu, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini, imebeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya uhuru. Tangu 1967 hadi 1988 setilaiti zilirushwa kutoka bahari yetu hii, na chini yake sisi tulikuwa tukizungusha boriti.

Nani basi aliyetupiga picha sisi wenyewe? Deki za VHS, zile mashine za kanda za video, zilipoenea miaka ya 1980, vijana wachache wenye kamera za begani walianza kukodiwa kwenye harusi. Hawakuwa na mnara wala leseni, na hakuna aliyewaita watangazaji. Lakini nimezitazama kanda zao kwa miaka mingi dukani kwangu, na nasema bila kusita kwamba hao ndio waliokuwa televisheni ya Malindi. Humo mna vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, likipita mtaa wa Barani usiku. Mna Maulidi, mna ngoma za Wagiriama, mna mashairi waliyotungiwa maharusi ambayo hayakuandikwa popote. Na nyuma ya watu unauona mji: msikiti kabla haujabomolewa ukajengwa upya, nyumba za makuti ambazo moto ulizimaliza, ufuo kabla haujazibwa kwa kuta. Mpiga picha alimfuata bwana harusi, na bila kukusudia akauhifadhi mji mzima.

Kanda hizo zinakufa. Ndani ya kanda ya saa tatu mna utepe mwembamba wa mita 250 hivi, umepakwa chembe za sumaku zilizoshikwa kwa gundi. Joto na unyevu wa huku kwetu huilegeza gundi hiyo, na kuvu nyeupe huota kwenye kingo za utepe. Ukiitia kanda yenye kuvu ndani ya deki, vichwa vya deki, vile vinavyousoma utepe, vinaziba, na kanda itakayofuata nayo inaambukizwa.

Mwaka juzi mama mmoja aliniletea kanda ya harusi yake ya mwaka 1989. Alitaka kitu kimoja tu: sauti ya marehemu baba yake akimwozesha. Nililifungua kasha, nikausafisha utepe kwa mkono, kwa spiriti na kitambaa laini, siku mbili nzima. Dakika 40 za kwanza zilitoka vizuri, wageni wakiteremka kwenye magari, dufu, wazee wamekaa barazani. Ilipokaribia nikaha utepe ulinata, deki ikautafuna. Niliuunga nikajaribu tena, na sehemu ile haikurudi. Mama alifungua mkoba anilipe, nikashindwa kuzipokea fedha zake. Kanda ile ile ingeletwa miaka kumi kabla, ingetoka yote.

Na mashine zenyewe zinakwisha. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikiunda deki za VHS, kiliacha kuziunda Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku duniani kote, wakikadiria kwamba ikifika 2025 hivi kuzihamishia kwenye kompyuta kutakuwa kazi ngumu mno. Kwetu hasara ilizidishwa na kuhamia dijitali mwaka 2015. Watu walinunua ving'amuzi na televisheni bapa, na zile za kisogo zikatolewa nje pamoja na deki zake. Nilizikimbilia kwenye mikokoteni ya wanunuzi wa vyuma kuukuu; nilizoziokoa ndizo ninazofanyia kazi leo.

Ninachoomba ni kidogo. Chumba kimoja katika jumba la makumbusho la Malindi, lile la Nyumba ya Nguzo, chenye deki nne, kompyuta na mtu wa kukaa nazo. Nasema deki nne kwa sababu kanda haina njia ya mkato: ya saa tatu huchukua saa tatu kuihamisha. Nilipeleka ombi hili katika ofisi moja ya umma, nikaambiwa nirudi, nikarudi mara tano.

Jambo moja sharti litatuliwe kwanza, nalo ni sitara. Kanda za kupamba zilipigwa katika ukumbi wa wanawake, mama zetu na dada zetu wakiwa wamejifungua nywele, wamevaa walivyovaa kwa kujua kwamba hakuna mwanamume atakayewaona. Dukani kwangu kanda hizo huzihamisha binti yangu, mlango umefungwa, nami hukaa nje hadi amalize. Chumba hicho kikija, kiwe na mafundi wa kike, na kila familia iamue kipi kihifadhiwe kwa ajili ya wote na kipi kirudi kwao kikiwa kimefungwa. Nimewaona watu wakizichoma kanda za wazazi wao kwa hofu tu ya kwamba zitaangukia mikono ya mafundi wanaume. Hofu hiyo ni ya haki, na inajibika.

Kwa wakati huu, wenye kanda nyumbani wazisimamishe wima kama vitabu, juu kabatini, mbali na sakafu na mbali na spika. Kabla ya kuitia kanda ndani ya deki yoyote, inua kile kifuniko cha mbele uangalie. Ukiona weupe kwenye ukingo wa utepe, iache. Na juu ya kila kasha andika mwaka, mtaa na majina ya wazee wanaoonekana, maana wanaoweza kuwatambua wanapungua.

Nawe Mhariri, tuma mwandishi. Waliofanya kazi katika kituo cha Mombasa kati ya 1970 na 1976 walikuwa vijana wakati huo, na baadhi yao wangali hai. Nawajua wawili, mmoja yuko Mji wa Kale, Mombasa, na mwingine hapa hapa Malindi. Wote wamepita miaka 75, na wote wako tayari kuzungumza. Nitampeleka mwandishi wako mwenyewe.

Fundi wa televisheni,
Shella, Malindi