Kamba haimburuti mtu

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata na orodha ya vifaa vya kozi nimeisoma yote. Suala la hela tutalifikia. Kwanza nina la Ba'mdogo.

Shangazi amenieleza yaliyosemwa kwenye kikao: kwamba safari ya wanaoanza kupanda milima ya barafu ni mtu kufungwa kamba na kuburutwa mlimani kama mbuzi, na kwamba mimi huku najisifia kuburutwa. Maneno hayo yameniuma. Yameniuma zaidi niliposikia kwamba ulikuwepo ukanyamaza. Najua hukunyamaza kwa ubaya, hukuwa na la kujibu. Basi nakupa la kujibu, maana ukija huku na wazo hilo kichwani utakuwa hatari kwa wote mtakaofungwa pamoja.

Barafuto ni barafu inayotembea, polepole sana, na inapopita juu ya mwamba uliojikunja inapasuka. Nyufa nyingine zina kina cha makumi ya mita. Theluji inaziba midomo yake kama dari, na aliye juu haoni kitu, pengine mbonyeo hafifu tu. Mtu akitumbukia, waliobaki juu ndio nanga yake. Hiyo ndiyo kazi ya kamba. Anayefungwa wa mwisho, hata kama ni siku yake ya kwanza, anashika uhai wa wa mbele, na kiongozi anamtegemea kweli.

Mkiwa watatu, mnaachiana mita 12 hadi 15. Mkiwa wawili nafasi inaongezwa, na katikati mnafunga mafundo manene ili yakwame kwenye ukingo wa theluji, kwa sababu mtu mmoja kumzuia mwenzake peke yake ni shida. Wa mwanzo na wa mwisho wanafunga fundo la nane lililorudishwa kwa kufuata njia yake; wa katikati anafunga kitanzi cha kipepeo na kukitia kwenye karabina, pete ya chuma ya kuunganishia, yenye kufuli. Kamba ikiwa sawa, sehemu yake ya katikati inagusa theluji kidogo tu. Ikilegea, anayeanguka anapata mwendo kabla haijakaza, na mshtuko wake unaweza kumng'oa hata mtu aliyesimama vizuri. Kosa la wengi wanaoanza ni kukusanya mikunjo ya kamba mkononi ili isiwasumbue. Usifanye hivyo hata mara moja. Kosa jingine ni kuikanyaga kwa meno ya kramponi, vile vyuma vinavyofungwa chini ya buti. Na mnapokata kona angalia mwendo wako, maana hapo ndipo kamba inapolegea bila mtu kugundua. Nyufa mnazivuka kwa kuzikata, hamwendi sambamba nazo, la sivyo mnaweza kuwa wote juu ya ufa mmoja.

Kuhusu kramponi sitaandika mengi. Zenye meno 12 za chuma ndizo utakazopewa. Tembea miguu imeachana kidogo, kwa sababu wengi wanaanguka kwa jino kunasa kwenye suruali ya mguu wa pili. Mteremko usio mkali unaukanyaga kwa meno yote ya chini kwa pamoja, hata kama vifundo vya miguu vitalalamika. Theluji ikiwa na maji itaganda chini ya kramponi kama donge. Igonge kwa mpini wa sululu kila mara.

Sululu ya barafu, yenye ncha na jembe kichwani na mkuki mwishoni mwa mpini, ndiyo ninayotaka uijue kama mkono wako. Inakaa kwenye mkono ulio upande wa juu wa mlima, na mnapogeuka unaihamisha kabla ya kupiga hatua. Kila hatua kwenye mteremko unachomeka mpini ndani ya theluji, kwa hiyo mguu ukiteleza unashikilia hapo hapo. Watu wanapenda kujifunza kujizuia baada ya kuteleza kwa sababu kunavutia kutazama, lakini mpini uliochomekwa vizuri ndio unaookoa mara nyingi zaidi.

Ukishateleza, mkono mmoja uko juu ya kichwa cha sululu, kidole gumba chini ya upande wa jembe, mkono wa pili umeshika mwisho wa mpini ili mkuki wake usikuchome pajani. Mpini unapita kifuani kwa mshazari, ncha iko karibu na bega. Jigeuze kuelekea upande wa kichwa cha sululu, usijigeuze kuelekea mkuki. Lala juu yake kwa uzito wote wa kifua, uso ukiuelekeza upande mwingine mbali na jembe. Ukiwa umevaa kramponi, inua nyayo: meno yakinasa ungali na mwendo yatakupindua kichwa chini. Ukishasimama ndipo upige ncha za mbele za kramponi. Ukiteleza kichwa kikitangulia, chomeka ncha pembeni, uache mwili uzunguke wenyewe mpaka miguu iwe chini.

Kwenye kozi mtafanya mazoezi hayo kwa tumbo na kwa mgongo, kichwa juu na kichwa chini, kwenye mteremko unaoishia tambarare, bila kramponi. Una sekunde moja, labda mbili. Mwendo ukishakolea, au barafu ikiwa ngumu, hakuna mkono utakaokuzuia. Ndiyo maana rafiki yako anayetaka kujifunzia hukohuko mlimani usimsikilize.

Sasa jibu la Ba'mdogo lenyewe. Wa mbele ametumbukia, wewe wa katikati umeanguka juu ya sululu na uzito wake wote uko kiunoni kwako. Kazi yako ni kulala hapo bila kusogea, pengine dakika nyingi sana. Wa nyuma anakuja akijilinda kwa kamba, anachimba mfereji unaokata upande wa mvuto, urefu wa sululu, kina cha sentimita 30 hadi 50, zaidi kama theluji ni laini. Anaizika sululu ikiwa imelala, utepe ukiwa umefungwa katikati ya mpini na kupita kwenye mfereji wake mwembamba. Mfereji huo usipochimbwa hadi chini, utepe unainyanyua sululu badala ya kuivuta kwenye theluji, na nanga inang'oka. Kisha prusiki, fundo linalong'ang'ania kamba, inafungwa kwenye kamba iliyokaza na kuunganishwa na nanga, na uzito unahamishiwa huko taratibu. Wewe huinuki mpaka uambiwe. Aniambie ni mbuzi gani anayefanya hayo.

Fundo la prusiki lina jina la Karl Prusik wa Austria, aliyelichapisha mwaka 1931. Ni kitanzi cha kamba nyembamba kinachozungushwa mara tatu kwenye kamba kuu: bila uzito kinateleza, kikibeba kinang'ang'ania. Milimita 6 inashika vizuri kamba ya milimita 8 au 9. Ikikaribia unene wa kamba kuu haishiki. Tumia ya nailoni, maana nyuzi zile nyepesi zinazoteleza haziaminiki kwa kazi hii. Kama wewe ndiye uliyetumbukia, vua begi uliache lining'inie chini yako, vaa koti, halafu panda kwa prusiki mbili, fupi ya kiunoni na ndefu ya mguuni.

Kama aliyetumbukia hawezi kupanda, anavutwa. Kamba inatoka kwake, inapita nangani, inashuka hadi kapi iliyofungwa kwa prusiki karibu na ukingo, inarudi juu mikononi mwenu. Mkivuta mita 3 yeye anapanda mita 1. Kwa hesabu nguvu ni mara tatu, ila msuguano unakula sehemu kubwa. Mkiwa na kapi moja tu nzuri, iwekeni kwenye ile kona inayotembea, ya mwisho kabla kamba haijafika mikononi mwa mvutaji, na karabina tupu ikae nangani. Na kabla ya kuvuta, tandikeni begi au mpini chini ya kamba pale ukingoni, mkikifunga kitu hicho kisije kikamwangukia aliye chini. Kamba isiyotandikiwa inajikata ndani ya theluji, na hapo hata watu watatu wanavuta bure.

Mtaondoka usiku wa manane. Usidhani ni ukatili. Asubuhi na mapema dari za nyufa zimeganda. Jua likishapanda zinalainika. Kiongozi akisema saa ya kurudi imefika, geuka hata kama kilele unakiona.

Mwezi uliopita nimefungwa mbele ya kamba kwa mara ya kwanza. Hilo nalo mwambie. Mama usimweleze habari za nyufa kwa simu, nitamweleza mwenyewe nikisikia sauti yake. Usiku huu nimeikumbuka sana.

Hela. Ada ya kozi nitalipa mimi. Buti za nyayo ngumu, kramponi, sululu, helmeti na mkanda wa kiunoni utakodi, kwa hiyo vifute kwenye orodha. Buti zijaribu ukiwa na soksi nene, ukishuka ngazi: vidole vikigonga mbele, omba nyingine. Nunua miwani ya jua ya daraja la 4, yaani ya giza zaidi, iliyofunikwa pembeni, maana theluji inarudisha mwanga na macho huanza kuuma saa kadhaa baadaye, mkiwa mmeshachelewa. Nunua na mita chache za kamba ya milimita 6.

Kwa kamba hiyo nifanyie fundo la nane, kipepeo na prusiki, ukiwa umevaa glavu nene, taa imezimwa. Nirekodie sauti tu wakati unafunga, kisha washa taa unipigie picha. Nikiona yamekaa sawa natuma hela siku hiyohiyo.

Dada yako