Mtoto aachwe ashike chakula chake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji tuseme na wazazi, bibi na dada wa nyumbani wanaolisha watoto wa kuanzia miezi sita.

Bado kuna nyumba ambamo mtoto hulazwa chali, akabanwa pua ili afungue mdomo, kisha akamiminiwa uji. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu, na uji ukipita njia ya hewa unaingia mapafuni na unaweza kuleta nimonia. Asipougua, atajifunza kuliogopa bakuli, halafu tunaambiwa kliniki kwamba "huyu hapendi kula".

Anapenda. Akitimiza miezi sita, akawa anakaa wima kwa msaada kidogo, shingo imekaza, anapeleka vitu mdomoni mwenyewe na ulimi hausukumi nje kila kinachowekwa, yuko tayari kujilisha huku akiendelea kunyonya. Mpakate au mkalishe mkekani, mgongo wima, umnawishe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kama unavyonawa wewe.

Wengi hukatakata chakula vipande vidogo wakidhani wanamkinga asipaliwe. Mtoto wa miezi sita hadi minane hushika kwa kiganja kizima na hawezi kukipata kilichofichwa ndani ya ngumi. Kipande kiwe na urefu na unene wa kidole cha mtu mzima, ili nusu ishikwe na nusu ichomoze juu ya ngumi. Viazi lishe, boga na karoti vipikwe kwa mvuke hadi vilainike. Bonyeza kwa kidole gumba na cha shahada, kisipopondeka kwa urahisi kirudi jikoni. Ndizi mbivu na parachichi huteleza mkononi, kwa hiyo viringisha kwenye unga wa dagaa. Dagaa hao toa vichwa, osha mchanga wote, kausha, kaanga bila mafuta, saga na uchekeche. Vipande vidogo vilaini vingoje karibu na miezi tisa, anapoanza kudonoa kwa gumba na kidole kimoja.

Unga huo wa dagaa una kazi nyingine. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua sana kufikia miezi sita, na mtoto anayejilisha matunda na viazi peke yake anaweza kuishiwa damu huku anaonekana mnene. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kijiko kitupwe kabisa. Kuwe na vijiko viwili, kimoja ashike yeye, kingine wewe, na ndani mwake mpe maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, yai lililoiva, samaki asiye na miiba, nyama iliyosagwa. Maini mara moja kwa wiki yatosha, yana vitamini A nyingi. Chai ya rangi au ya maziwa asipewe, inazuia chuma kufyonzwa. Asali isubiri atimize mwaka.

Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kutiririka. Ule wa kunywa kwenye chupa hujaza tumbo maji. Anza na vijiko vikubwa viwili au vitatu mara mbili au tatu kwa siku, uongeze taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi tisa ale mara tatu hadi nne. Na ule unga wa lishe wa nafaka saba hauupiti ule wa nafaka moja na kunde moja. Kinachohitaji macho ni ukungu kwenye mahindi na karanga: sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Karanga nzima, bisi, zabibu nzima, miwa, karoti mbichi na nyama ngumu asiguse. Mtoto anayekohoa, uso mwekundu, akitaka kutapika, anakitoa chakula kooni mwenyewe. Usimtie kidole kooni, utakisukuma chakula ndani zaidi. Wa kuogopewa ni aliyenyamaza ghafla, hakohoi, midomo inageuka rangi. Aliye chini ya mwaka mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kisipotoka, mgeuze chali, bonyeza kwa vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara tano. Rudia huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Akizimia, anza kumpa pumzi na kumbonyeza kifua.

Siku za mwanzo chakula kingi kitaishia sakafuni, tandika nailoni. Akigeuza uso au kufunga mdomo ameshiba, na bakuli liondolewe hata kama lina uji.

Wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto,
Morogoro